Futa Hiyo

Picha ya baba iliyobebwa mbele ya jeneza lake ilitolewa kwenye kitambulisho. Hatukuwa na nyingine. Ilikuwa miaka ya tisini, baba amekufa ghafla kazini kwenye machimbo ya mawe, na mtu wa studio pale Kajiado akasema ataipiga picha ile picha ndogo ya kitambulisho, halafu aipanue mpaka ienee kwenye fremu. Ilipanuka. Uso wa baba ukawa nukta nukta kama mchanga uliomwagika, mhuri ukamkata shingoni, na macho yakawa mashimo mawili. Mtu mmoja aliyekuja na wageni wengine na hakumjua baba aliuliza, kwa sauti ya chini lakini nilimsikia, huyu alikuwa anatafutwa kwa kosa gani.

Baada ya mazishi fremu ilitundikwa sebuleni, na siku chache baadaye mama akaigeuza ikaangalia ukuta. Hakuitoa. Miaka yote ile tulikuwa tunaona mgongo wake tu, kadibodi na kamba, na tunajua baba yuko upande wa pili. Siku moja mama akifagia alisema, bila kumwangalia mtu, "Mimi msije mkanifanyia hivi." Mimi nilikuwa nimebeba ndoo. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari, na ni vizuri niliandika, kwa sababu baadaye nilianza kufikiri pengine niliyatunga.

Nieleze na lugha ya nyumbani kwetu, maana itahitajika. Baba alikuwa Mkamba, mama Mkikuyu, na hakuna aliyekubali watoto wakue na lugha ya mwenzake, kwa hivyo tulilelewa na Kiswahili. Si Kiswahili cha vitabu. Mama alikuwa na neno moja la kuonyesha kitu chochote duniani, nalo ni "hiyo". Hiyo mtoto. Hiyo maji. Hiyo kiti. Hiyo watu ya kanisa. Sisi tulimwelewa kwa kufuata kidole chake.

Mama alianza kukwama na chakula katikati ya miaka ya elfu mbili. Kwanza nyama, halafu ugali, halafu hata viazi vilivyopondwa. Aliishi Kajiado na kaka yangu mkubwa na mke wake. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Kitengela, nashona mifuko ya suruali kwenye kiwanda cha nguo. Kaka alinipigia simu akasema madaktari wameona uvimbe kooni, na kwamba sasa ni uji peke yake. Nikasikia kuku wa pale nyumbani kwenye simu, na sijui kwa nini, kitu kilichonijia kichwani wakati ule hakikuwa dawa wala maombi. Ilikuwa ni ile fremu.

Sikumwambia mtu hivyo. Hata kwenye daftari sikuandika. Niliandika, "Nataka kununua kamera."

Kulikuwa na mpiga picha wa kutembea pale Kajiado, aliyekuwa akingoja watu nje ya kanisa Jumapili. Alikuwa mtu mzuri na picha zake zilikuwa safi. Lakini mpiga picha yule akionekana anaingia kwa mgonjwa ni sawa na kuonekana fundi wa majeneza anapima mlango. Majirani wangeanza kuleta sukari. Na mama angeelewa. Nilitaka kamera ndogo ya kutoka kwenye mkoba kama mtu anatoa leso, ipige, irudi, na asijue mtu kwamba kuna kitu kimefanyika. Ya dijitali, kwa sababu ile ya filamu unapiga ukiwa kipofu mpaka ipelekwe kuoshwa, na mimi sikuwa nimewahi kushika kamera maishani. Simu yangu ilikuwa ya kupiga na kupokea tu.

Mwenzangu wa cherehani ya jirani alikuwa na kamera, basi nikamuuliza.

"Nunua ya namba kubwa," akasema. "Yangu ni ya saba."

"Saba nini?"

"Saba tu! Wewe unauliza kama karani wa korti."

Jumamosi tukitoka mapema nilienda kwenye duka moja kando ya barabara ya Namanga, palipokuwa pakiuzwa redio, pasi na saa za ukutani. Kamera zilikuwa ndani ya kioo, na zile ambazo mfuko wangu ungefika zilikuwa mbili. Moja nyembamba ya rangi ya fedha, nzuri kama kitu cha harusi. Nyingine nyeusi, nene upande mmoja kama ina uvimbe. Mwenye duka alikuwa mzee wa makamo, na nitasema ukweli juu yake kwa sababu baadaye nilijaribu kumlaumu: hakunidanganya hata neno moja.

"Unataka kupiga nini?"

"Mtu."

"Mtu mmoja?"

"Mmoja."

"Anatembea ama amekaa?"

"Amekaa."

"Basi usilipie mbio," akasema, akatoa ile nyeusi. "Hii nzuri-nzuri ina namba kubwa, lakini hizo namba ni za mtu wa kubandika picha kwa ukuta wa hoteli. Wewe utatoa picha ya mkono huu. Ingine, hii ya fedha iko na betri yake ya kuchaji. Nyumbani kuna stima?"

"Kwa mama hakuna."

"Unaona? Hii nyeusi inakula mawe mawili, betri za saizi ya kawaida. Ikizima, unatoa, unaweka mengine, unaendelea. Na kioo chake cha nyuma ni kikubwa. Huyo mtu akitaka kujiona, atajiona."

Nikamuuliza kuhusu zoom, kwa sababu ile ya fedha iliandikwa zoom nyingi kuliko ile nyeusi. Akanieleza kwamba kuna zoom ya lenzi, ambayo inatoka na kusogea kweli kweli, na kuna ya dijitali, ambayo haisogei popote. Inachukua kipande cha picha na kukipanua. "Mpaka inakuwa nukta nukta," akasema. Nikaogopa pale pale kaunta. Nilijua hiyo nukta nukta.

"Kama huwezi kumwona mtu vizuri, songa karibu na miguu yako," akasema. "Miguu ndiyo zoom ya kwanza. Na usiwe na wasiwasi wa kukosea. Filamu ilikuwa inakuhukumu. Hii inakusamehe. Ukikosea, unafuta."

Akanielekezea kamera kabla sijajipanga, ikalia, akanigeuzia kioo. Nilikuwa mdomo wazi, nimefumba jicho moja. Nikasema haraka, "Toa hiyo!" Akabonyeza mara mbili na mimi nikaisha. Palibaki weusi. Nilicheka. Sikuwa nimeona mtu akiondoka upesi hivyo.

Ningenunua siku ile ile. Nilikuwa na pesa. Badala yake nikaenda nyumbani kufikiria, nikarudi Jumamosi iliyofuata nikaishika ile ya fedha, nikarudi Jumamosi ya tatu nikazishika zote mbili, moja kila mkono, kama mtu ananunua nyanya. Mwenzangu wa kazini alinicheka sana.

"Hata bwana hukumchagua hivi!"

"Ndiyo sababu," nikamjibu, na laini nzima ya cherehani ikacheka, maana walijua nimeishi peke yangu tangu lini.

Daftari langu la wiki zile lina maneno mengi ya kamera. Ya mama ni mstari mmoja, baada ya kaka kupiga simu: "Mama amekonda kidogo." Hiyo kidogo niliiongeza mimi. Kaka hakusema kidogo.

Nilinunua ile nyeusi. Mwenye duka akaniambia nichukue betri za kuchaji, atanichajia mwenyewe dukani bure, ama zile za bei ya juu. Mawe ya tochi yasiguse kamera hii, akasema, hayana nguvu, yatawaka na kuzima. Nilimsikia vizuri. Nikafikiri, huyu naye anataka kuuza kila kitu siku moja. Nikanunua mawe ya tochi kwenye kibanda cha nje.

Jumapili nikaenda Kajiado. Mama alikuwa ameketi nje, amefunga kitambaa chake cha kanisa, na shemeji, mke wa kaka yangu, alikuwa amempaka mafuta usoni. Nilikuwa nimemwambia kaka kwa simu kwamba naja na kamera, ya kawaida tu, na kumbe alikuwa amewaambia. Mama alikuwa amekonda, lakini bado alikuwa mama. Bado mashavu yalikuwa yake.

"Hii ni ya nini?" aliniuliza. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza.

"Ya kuweka tu, mama."

"Kuweka wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani niko."

Shemeji alinitazama kwa jicho moja, na nilielewa anachofikiri: kwamba nimekuja na mkoba mzuri kutoka Kitengela, kupiga picha mtu ambaye yeye anamwosha kila asubuhi. Alikuwa na haki ya kufikiri hivyo.

Nikawasha kamera. Lenzi ikatoka na sauti ndogo, kioo kikawaka, nikamwona mama ndani yake akiniangalia. Halafu lenzi ikarudi ndani na kila kitu kikazima. Nikawasha tena. Ikatoka, ikarudi. Mara ya tatu haikutoka kabisa. Mama alikuwa anaangalia lenzi, na akaanza kucheka. Kucheka kulimuuma, akashika koo, lakini hakuacha.

"Imekataa," akasema. "Imeniona ikakataa."

Tulicheka sote, hata shemeji. Uso ule ndio ninaoutafuta. Kitambaa cha kanisa, mkono kooni, jua likiwa upande wa kushoto, na mama anacheka kitu ambacho si cha kuchekwa. Upo kichwani tu, na nikiusogelea sana unakuwa nukta nukta na wenyewe.

Kiwandani kulikuwa na oda ya haraka, na mapumziko ya wikendi yakafungwa. Nilikaa majuma matatu bila kurudi. Msimamizi angenipa siku moja kama ningemweleza, najua, kwa sababu alimpa mwenzangu mwingine. Sikumweleza. Nilikuwa nasema moyoni, wiki ijayo.

Nilirudi kwa mwenye duka kuchukua betri za kuchaji. Hakusema "si nilikuambia". Alizichaji siku nzima, akazijaribu mwenyewe, akanipa.

Mara hii kaka ndiye alimtoa mama nje, amembeba na kiti chake. Kitambaa cha kanisa hakikufungwa. Kichwa kilikuwa kimefunikwa na leso, kanga ile ile iliyofunika mikono na magoti. Mashavu yalikuwa yameenda. Macho yalikuwa yamekuwa makubwa, na yalikuwa yanaangalia mtu kana kwamba nyuma ya mgongo wako amesimama mwingine. Niligeuka kuangalia. Ukuta tu, na jembe.

Shemeji alikuwa akimpa uji kwa kijiko. Alipogeuka kuweka kikombe chini, nilisogea kwa miguu kama nilivyofundishwa, nikashika pumzi, nikabonyeza. Ilikubali mara moja. Nikachuchumaa kando yake nikamwonyesha kioo.

"Angalia, mama. Kama hupendi nafuta."

Mimi ndiye nilisema neno hilo kwanza. Nimeliandika hapa ili lijulikane.

Mama aliangalia kwa muda mrefu. Kule Kajiado kuna upepo wa mchana unaoleta vumbi jekundu, na kioo kilikuwa kimeshika vumbi, na juu ya vumbi alama ya dole gumba langu. Nilikuwa nikimwangalia yeye, siangalii kioo. Kidevuni alikuwa na tone la uji. Akasema, na sauti ilikuwa imebaki pumzi:

"Futa hiyo."

Mikono yake ilikuwa ndani ya leso. Hakukuwa na kidole cha kufuata.

Nilichukua pembe ya leso nikamfuta kidevu. Halafu, na pembe ile ile, nikafuta kioo cha kamera. Alikuwa bado ananiangalia. Kabla sijafanya chochote kingine, jirani yetu, mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa rafiki wa mama tangu zamani, akafika kwenye kona ya nyumba akamsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya!" na mama akajibu, "Iko," kama alivyomjibu kila siku, na nikatia kamera kwenye mkoba.

Nilikaa pale mpaka jua likaanza kushuka. Mama alikuwa macho karibu muda wote. Ningeweza kumuuliza, "Mama, nifute nini?" Ni maneno machache. Nilimpa maji kwa kijiko, nikamweleza habari za kiwanda, nikamkanda miguu, na swali lile lilikuwa hapo hapo mdomoni, na sikuliuliza, kwa sababu kama ningeuliza angejibu.

Kwenye daftari niliandika: "Mama amesema futa hiyo. Nimefuta."

Alikufa wiki iliyofuata, mchana, kaka akiwa naye.

Tulipokutana nyumbani kupanga mazishi, jambo la picha lilikuja baada ya jeneza na kabla ya hema. Kaka alisema tu, kama jambo lililokwisha, kwamba dada yuko na picha, itaenda kwenye programu, kijitabu cha mazishi, na kwenye fremu. Watu walikuwa tayari wamehamia kwenye hema. Ningenyamaza tu ingepita. Lakini niliona si haki waamue kitu wasichokijua chote, nikasimama nikawaeleza. Nikawaeleza kidevu, kioo, vumbi, leso. Nikawasomea daftari.

"Soma hapo mwisho tena," akasema mjomba, ndugu ya mama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu.

"'Nimefuta.'"

"Umefuta nini?"

"Haijaandikwa."

"Si wewe ndiye uliandika?"

"Ndiyo, mjomba."

Akavua miwani. "Kidevu kingekuwa hicho," akasema, polepole, kama yuko mbele ya ubao. "Uso ungekuwa huo. Uji, huo. Kioo, hicho. Vumbi, hilo. Dada yangu alisema hiyo. Hiyo ni picha. Alikuwa anakuambia uondoe picha."

Halafu shemeji akaongea kutoka mlango wa jikoni, na sufuria mkononi.

"Mjomba, na heshima yako yote. Mama ameniita 'hiyo bibi ya kijana yangu' tangu niolewe hapa. Sasa mimi ni ngeli gani?"

Watu walicheka mpaka mmoja akaanza kulia. Mjomba mwenyewe alicheka, akajifuta macho, akamuuliza shemeji, maana alikuwepo, yeye alisikia nini.

"Nilisikia futa," shemeji akasema. "Hiyo sikuisikia. Nilikuwa nimeinama kwa kikombe."

Hapo nikaanza kujiuliza kama hata mimi niliisikia.

Kaka akauliza, kwa hasira kidogo, kama tunataka mama azikwe na picha ya kitambulisho kama baba. Sote tukaangalia ukutani, ile kadibodi na kamba. Nikakumbuka, nikafungua daftari la zamani, nikawasomea yale maneno ya siku ya ufagio: mimi msije mkanifanyia hivi. Nilidhani yatamaliza.

"Hivi ni vipi?" mjomba akauliza, na hakuwa anabishana, alikuwa anataka kujua. "Kumpanua? Kumtundika? Ama kumwonyesha watu akiwa hawezi kukataa?"

Mjomba akavaa miwani yake akanigeukia. "Kamera ni yako, mama," akasema, akiniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Na wewe ndiye uliyeambiwa. Sema wewe."

Nimejaribu kukumbuka kama nilifikiri wakati ule. Sikumbuki kufikiri. Nilisema, "Tutumie."

Kijana wa studio aliifungua picha kwenye kompyuta, na kwa mara ya kwanza nikamwona mama kwa ukubwa. Haikuwa na nukta. Mwenye duka alikuwa amesema kweli, ile kamera nyeusi ilitosha kabisa. Kila uzi wa leso ulionekana. Lile tone la uji lilionekana kidevuni, jeupe, na lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani, kwa hivyo mama angeweza kuliona kwenye kioo kile kidogo, na angeweza pia asilione. Na macho yalikuwa yananiangalia mimi, si lenzi. Nilisimama nikahamia upande wa pili wa kiti cha yule kijana, na bado yalikuwa kwangu.

"Hii uji nitoe?" akauliza.

Kaka akajibu kabla yangu. "Toa."

Ilichukua muda mfupi sana. Aligusa hapa na hapa, na kidevu kikawa kikavu, safi. Kaka akasema sasa ni mama. Mimi nikaona kitu kingine, na sikumwambia: sasa mtu yeyote atakayeangalia hataona kilichokuwa cha kufutwa. Imebaki mama mgonjwa akimtazama binti yake kwa macho yale, bila sababu.

Siku ya mazishi mjukuu mkubwa alibeba fremu mbele. Hakuna aliyeuliza mama alitafutwa kwa kosa gani. Watu walisema picha ni nzuri. Mwanamke mmoja wa kanisa alinishika mkono akasema, "Ulimpiga vizuri, anaonekana anataka kusema kitu." Nilimshukuru.

Lakini sikuwa nimefikiri juu ya programu. Nilikuwa nimefikiri fremu, moja, ya kukaa mahali pamoja. Programu zilikuwa nyingi, na uso wa mama ulikuwa kwenye kila jalada, na jua lilipokuwa kali watu wakajipepea nazo. Wakaziweka kichwani. Mchungaji alipoongea sana, wakazikalia. Niliketi kiti cha mbele, na kila nilipogeuka mama alikuwa ananiangalia kutoka sehemu nyingine, juu na chini, juu na chini, kwenye mikono ya watu niliowajua na nisiowajua. Wakati kaburi linafunikwa sikuweza kulia. Nilikuwa nafikiri, hata ikijulikana leo kwamba alimaanisha picha, hizi zote nazifuta na nini.

Watu walipokula na kuondoka, nilianza kuziokota. Zilikuwa kwenye nyasi, chini ya viti, moja ndani ya sahani yenye mabaki ya wali. Nyingine ilikuwa imekanyagwa na kiatu cha matope, na niliipangusa kwa mkono mpaka nikaona naongeza uchafu. Shemeji aliniona kutoka kwenye sufuria, akafunga leso kiunoni, akaja akaanza kuokota upande wa pili wa hema. Hakuniuliza sababu. Sikuwa nimewahi kumpenda kama siku ile, na sijamwambia.

Yule jirani wa Kimaasai alikuwa bado ameketi, peke yake kwenye mstari wa viti vitupu, na programu yake ameikunja mara moja na kuiweka mapajani. Nikasimama mbele yake. Nadhani nilikuwa nimenyoosha mkono.

"Hii naenda nayo," akasema. "Si kusoma. Sijui kusoma. Ananiangalia."

Nikaketi kando yake. Nikamuuliza kama siku zile za mwisho, baada ya mimi kurudi Kitengela, mama alisema chochote juu ya picha.

"Alisema. Alisema hiyo msichana yangu amenipiga picha."

"Akicheka?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu. "Hapana. Kucheka hakuna."

"Akiwa na hasira?"

"Hasira pia hakuna. Alisema tu. Kama vile mtu anakuambia ng'ombe wamepita hapa."

Akainuka, akaitia programu ndani ya shuka, upande wa kifua, akaaga, na nikamwangalia akienda nayo mpaka akavuka ua. Ningeweza kumwita.

Nyuma ya nyumba vijana walikuwa wamewasha moto wa kuchoma sahani za karatasi. Shemeji akaja na rundo lake mikononi, akaliweka juu ya rundo langu, nyuso zikiwa zimeelekea juu, akaangalia moto, akaniangalia.

"Shangazi, tuchome?" akasema, akiniita kama watoto wake wanavyoniita.

Nikamwambia angoje kwanza. Akaenda akaleta gunia tupu la unga, tukazitia, akalifunga kwa kamba na kulipeleka kwenye stoo, nyuma ya mitungi ya maji. Imepita miaka. Nikienda Kajiado huwa haniulizi, nami simwambii, na gunia bado liko pale. Anangoja.